Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kutoka kwa vijana wasio na ukumbi

Wazazi, majirani, wasanii wetu na wote mliowahi kukalia kile kiti cha plastiki chenye mguu mbovu mkitazama maigizo yetu, heri ya Krismasi! Mlioenda ushago na nauli ikiwa imeruka kama kawaida ya Disemba, pole na safari, na nyinyi mliobaki Nairobi kuchunga nyumba za wenzenu, tuko pamoja.

Disemba kwetu ni mwezi wa ajabu. Shule zimefungwa, watoto wako huru asubuhi mpaka jioni, wale wa fomu foo wamemaliza KCSE na hawana pa kwenda, yaani huu ndio mwezi kikundi kinafurika kuliko miezi yote, na ndio huo huo mwezi tunafungiwa mlango kwa sababu ni msimu wa harusi, kila Jumamosi ukumbi umebukiwa na katikati ya wiki watu wa mapambo wako ndani na vitambaa vyao. Hatumlaumu mtu, mwenye ukumbi naye ana bili ya stima. Lakini ukimwambia kijana wa miaka 14 arudi Januari, Januari atakuwa shule, na hiyo likizo yote ameimalizia pale kwa mambo ya kubeti.

Kwa hivyo salamu za mweka hazina wenu mwaka huu zinakuja na bakuli mkononi, la mchango wa kujenga ukumbi wetu wenyewe, msishtuke.

Swali naulizwa sana, eti kwani si mpige tu mabati muanze? Jameni, chini ya mabati tumeshaigiza. Mvua za vuli zikianza, muigizaji anafungua mdomo watu wanaona meno tu, mistari mitatu hivi anaanza kupiga kelele, na mama wa kwenye stori aliyefiwa na mtoto anasikika kama anauza mitumba Gikomba. Ndio maana fundi ameambiwa kuwe na dari ya kupunguza sauti ya mvua, na nguzo zote zikae kando, kwa sababu ukisimamisha nguzo katikati kuna watu watalipa kiingilio watazame simiti. Jukwaa lisiwe juu sana, watoto wa mbele wakae kwa mkeka na bado waone miguu ya waigizaji. Na taa za jukwaa ziwe na laini yao ya stima, zisiungwe na soketi ya kuchaji simu. Hivyo ndivyo vinapandisha bei, si marembo.

Na mtu asiniambie watu wa kawaida hawawezi. Hapo Limuru tu, Kamiriithu, mwaka 1977 wanakijiji, wengine wa kiwanda cha viatu cha Bata na wengine vibarua wa majani chai, walijijengea ukumbi wa wazi wa kutosha watu kama 2,000, wakiwa pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kabla ya kuanza waliupanga kwanza chini kwa njiti za kiberiti! Serikali ikawafutia kibali cha kuigiza mwaka huo huo, na 1982 polisi wakaja wakabomoa kila kitu.

Mimi hiyo stori hainivunji moyo, inanifanya nitake karatasi kwanza. Siku hizi anayekuja kubomoa si lazima awe serikali, anaweza kuwa mtu mmoja tu amebeba hati ya ploti mliyojengea. Ndio maana pesa za awamu ya kwanza zote ni za ploti na hati yake, na hati itaandikwa kwa wadhamini, si mwenyekiti, si mimi. Najua hati haitoki poa kwa picha kama msingi uliochimbwa. Na 2027 ni mwaka wa kura, waheshimiwa wameanza kupitapita, mmoja ametuma watu kuuliza kama jina lake linaweza kukaa kwa geti. Pesa yake tutapokea kama ya mtu mwingine yeyote na tutamwandikia risiti, lakini geti, hapana.

Kwenye daftari yangu mama wa chapati wa kona anatuma hamsini kila Ijumaa, hajawahi kuruka. Kuna kijana yuko Doha kwa kazi ya sekyuriti, zamani ndiye aliyekuwa anaigiza chifu mkali, naye kila mshahara ukiingia anatuma chake na ujumbe wa kuuliza chifu ni nani siku hizi. Na nyinyi vijana mnaozunguka shule na maigizo ya setibuku, mliokubali nusu ya malipo iingie kwa mfuko wakati wengine wenu mna kodi ya nyumba, asanteni sana. Taarifa ya M-Pesa inabandikwa kila mwisho wa mwezi mlangoni kwa kinyozi, mtu yeyote asome, hata yule anayesoma akitafuta makosa, huyo tunamhitaji zaidi.

Tarehe 26 tunaigiza uwanjani, saa tisa mchana, kiingilio ni chochote ulicho nacho, na ukiweza kuja na kigoda chako afadhali. Mlio ushago mtatupata mkirudi, tunajua Njaanuari ni ndefu, tutaomba polepole. Pilau itakuwepo lakini ni ya watoto, wakubwa mjipange.