Hilo la ushahidi waachie wenyewe

Marahaba mwanangu,

Hapa Uyole baridi ya Julai imekaza, mama yako habanduki jikoni. Tangu ulipopiga simu Jumapili sijapata usingizi mzuri.

Umesema kocha mwenzenu hapo Iringa huwabakiza watoto wawili baada ya mazoezi, huwapa nauli ya ziada, na usiku huwatumia ujumbe akiwaambia wasiwaonyeshe wazazi. Halafu ukamalizia, "Lakini baba, sina ushahidi."

Nani alikuomba ushahidi? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ushahidi *au taarifa*. Wewe taarifa unayo. Kuchunguza ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii.

Andika kwenye daftari leo: siku, saa, uliona nini, mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Usimhoji, na akikwambia "usimwambie mtu" usimwahidi. Na huyo kocha usimfuate kumwuliza, nakuomba. Atafuta ujumbe wote kwenye simu na kuwatisha watoto kabla hujafika nyumbani.

Viongozi wa timu watakwambia yamalizwe ndani, hasa sasa mnapokaribia mashindano. Wasikilize kwa adabu, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Ukiogopa kuonekana, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Najua kwamba anaheshimika, anaimba kwaya, na ndiye aliyekupokea ulipofika mgeni. Hata wa kwetu aliheshimika.

Hili sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa katibu wa timu ya vijana ya mtaa, tulikuwa na winga mmoja wa miaka 13, mguu wa kushoto. Siku moja alipobadili jezi niliona alama za kuchapwa bomba mgongoni. Kocha alikuwa ametuletea kombe, nami nikajisemea huyu mtoto anadeka. Wiki mbili baadaye akaacha mpira, na shule pia.

Sasa anauza mitumba Mwanjelwa. Nikipita huniamkia, "Shikamoo katibu," kwa furaha kabisa, na mimi hujifanya nachagua mashati.

Nenda kesho asubuhi, kabla ya mazoezi. Nauli ya bajaji nimekutumia. Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako