Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Wenye SS (ugonjwa wa selimundu), Lubumbashi

Wazazi wapendwa,

Kila mkutano, Katuba hadi Kampemba, nimeulizwa: "Mwenyekiti, dawa ya kumaliza SS imetoka huko Ulaya, sisi tutaipata lini?" Nianze na hilo, ya sanduku letu la pesa yatafuata.

Dawa ipo. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023, Marekani Desemba. Seli shina (zile zinazotengeneza damu) za uboho wa mgonjwa hutolewa, jeni ya BCL11A inayozima hemoglobini ya kichanga hulemazwa humo ili hemoglobini hiyo itengenezwe tena, kisha seli hurudishwa mwilini. Kosa lenyewe la SS haliguswi. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupigwa kemoterapi kali na kulazwa wiki kadhaa. Bei yake Marekani: dola milioni 2.2. Kwa hiyo mtu akibisha mlangoni akitaka avansi ya dawa hiyo, asipewe hata franka moja.

Faida yetu iko kwingine: katika kujua SS inatoka wapi. Jenomu ya binadamu, yaani maandishi yake yote ya urithi, ina herufi kama bilioni 3. Katika herufi zote hizo, SS ni kosa la moja tu: A imegeuka T kwenye jeni ya beta-globini (sehemu ya hemoglobini), kromosomu ya 11. Mtoto mwenye SS ameipokea kwa baba na kwa mama. Wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba kosa hilo mara moja tu, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na SS.

Narudia kwa sababu mwaka huu mama mmoja wetu alirudishwa kwao na mtoto mgongoni, wakwe wakisema ukoo wao hauna damu mbaya. Tulimbembeleza mume apime elektroforezi, kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya hemoglobini. Karatasi ya labo ikatoka AS. Baba mkwe aliisoma, akamwachia mwanawe, akauliza nauli ya kumfuata mama huyo ni ngapi.

Kuhusu idroksiurea, dawa ya SS: utafiti wa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotolewa 2019, ulionyesha inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Ni ya kumeza, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Vitenge vya sherehe ya tarehe 19 Juni, siku ya SS duniani, vilikula pesa ambayo ingelipa vipimo hivyo. Nilipinga, na ningali napinga. Komite inaomba kura yenu: sherehe ijayo kila mtu avae nguo yake.

Wenye vichanga ambavyo havijapimwa waandikishe majina kwa katibu kabla ya kutoka ukumbini. Hesabu za sanduku atazisoma mtunza hazina.