Baleti ilianza na wanaume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Makala yenu ya burudani ya Jumamosi iliyopita ilisema baleti ni ngoma ya wasichana iliyozaliwa Urusi, na mvulana anayejifunza ameingilia ya wenyewe. Mwandishi kachapia mara mbili.

Baleti ilichipuka katika majumba ya watawala wa Italia karne ya 15, ikakulia Ufaransa, alikoolewa Catherine de' Medici, binti wa ukoo wa watawala wa Florence, Italia. Mwaka 1581, katika sherehe za harusi mjini Paris, onyesho moja lilichukua takriban saa tano (wageni wa zamani walikuwa na subira!). Mwaka 1653 mfalme Louis XIV, kijana wa miaka 14, alicheza kama Jua linalochomoza. Makabaila waliomtazama, baadhi yao walikuwa wametoka kumwasi. Vazi lile la dhahabu halikuwa pambo tu. Kila mtu alielewa nani ni jua na nani wa kumzunguka.

Mwaka 1661 Louis alianzisha chuo cha kifalme cha densi. Mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kupanga mikao mitano ya miguu inayofundishwa hadi leo, kwa majina ya Kifaransa, hata huko Moscow.

Wanawake je? Katika Opera ya Paris walingoja hadi 1681. Kabla ya hapo nafasi za kike zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa. Na kule kusimama kwa ncha za vidole, ambako makala ilikuita asili ya baleti, kulitukuka mwaka 1832 mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide. Tangu hapo mwanamume akasukumwa pembeni, hata katika baleti ya Coppélia ya 1870 kijana mchumba alichezwa na mwanamke.

Urusi ina sifa zake, siwanyimi. Ila Marius Petipa, aliyetunga hatua za Mrembo Aliyelala huko St. Petersburg mwaka 1890, alizaliwa Marseille, Ufaransa.

Mpwa wangu wa miaka 12 anajifunza densi hii. Aliisoma makala yenu, akalikunja gazeti bila kusema neno. Nilipomsimulia habari za Louis aliniuliza, "Mjomba, na yeye walimcheka?" Nikamwambia, nani angethubutu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam