Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu Katibu, ndugu Mhazini, ndugu wajumbe wa kamati, na ndugu wanachama wote, mliofika na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa majumbani,

Nawasalimu kwa heshima. Mambo mnayoyajua nitayapitia upesi. Mwaka huu kamati ilikutana mara nane. Tulifuturu pamoja, tuliwapokea wanafunzi wanne waliokuja kusoma hapa Bavaria, tulifanya mihadhara miwili kwa Kiswahili kuhusu pampu za ombwe, yaani za kuondoa hewa chomboni, na tulimchangia mwenzetu aliyefiwa na mzazi nyumbani. Waliojitolea katika hayo yote nawashukuru sana.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa mwezi Machi wa kununua silikoni ya aina ya p, yenye elektroni chache, kwa ajili ya ncha zetu za kutoa elektroni. Limesemwa sana kwenye simu, na baadhi ya maneno yameniumiza. Wapo waliosema Mwenyekiti ametumia ada za watu kununua silikoni isiyotoa elektroni. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjahukumu.

Kwa ajili ya wageni nikumbushe tunachokitafuta. Bomba la eksrei la kawaida lina waya wa tangsteni unaopashwa moto zaidi ya nyuzi 2,000 ndipo elektroni zitoke. Waya huo unakula umeme, unachelewa kupata moto, na mwisho wake ni kukatika. Sisi tunataka elektroni zitoke baridi. Ralph Fowler na Lothar Nordheim walieleza mwaka 1928 kwamba uga wa umeme, yaani mvuto wa umeme, ukiwa mkali vya kutosha, ukuta wa nishati unaozuia elektroni kwenye uso wa kitu unakuwa mwembamba kiasi kwamba elektroni zinaupenya bila kupashwa moto. Uga huo ni volti kadhaa kwa kila nanomita moja. Hakuna mashine ya kuuweka juu ya uso bapa, lakini ncha kali inaukusanya yenyewe. Capp Spindt alilifanya hilo kwa koni za molibdeni kule Marekani, na makala yake ya mwaka 1968 ndiyo iliyofungua njia. Sisi tulichagua silikoni kwa sababu vyumba safi, yaani visivyo na vumbi, vya kuichonga vipo hapa jirani na saa zake tunaweza kuzilipia.

Ncha zetu mnazijua. Vidoto vya oksaidi vinapangwa juu ya kisahani cha silikoni, safu 16 kwa safu 16, jumla 256. Plazima, yaani gesi iliyochajiwa umeme, ya salfa heksafloraidi inakula silikoni pembeni na chini ya kila kidoto mpaka shingo inakuwa nyembamba. Kisha kisahani kinaingia kwenye tanuru la oksijeni, nyuzi 950, silikoni ya juu inageuka oksaidi, na tunaiondoa oksaidi hiyo kwa asidi ya haidrofloriki. Kinachobaki ni ncha yenye urefu wa maikromita 4, na nusu kipenyo chake kileleni ni kama nanomita 15. Huku kunoa kwa oksaidi nilikupigania mimi tangu mwanzo, wakati wengine wakiona plazima peke yake inatosha. Leo hakuna anayebisha.

Basi kwa nini aina ya p? Waulizeni wale waliokuwa nami usiku ule wa Novemba kabla ya mwaka huu kuanza. Tulikuwa na silikoni ya aina ya n, iliyotiwa fosforasi, ambayo ina elektroni tele. Anodi, yaani bamba la chaji chanya linalovuta elektroni, ilikuwa juu ya ncha kwa umbali wa maikromita 50. Tulipofika volti 760 mkondo ulipanda kutoka maikroampea 2 hadi 5 ndani ya dakika chache, tukashangilia. Kisha tukaona mwako mmoja wa buluu kwenye dirisha la chemba ya ombwe, na kifaa cha volti kikajizima. Tulipokitazama kisahani kwa hadubini tulikuta shimo katikati, na kati ya ncha 256 zilikuwa zimebaki 11. Kazi ya miezi mitano ilipotea kwa kufumba na kufumbua. Nilirudi nyumbani na gari moshi la alfajiri na sikuweza kulala.

Sababu yake ni hii. Ncha haziwi sawa hata ukichonga vipi. Moja ikiwa kali kuliko wenzake inabeba mkondo wa wote, na kwa kuwa mkondo unapanda kwa kasi kubwa mno kila volti inapoongezeka, ncha hiyo inapata moto, inayeyuka, mvuke wake unawasha cheche, na cheche inawaua majirani. Kwa aina ya n hakuna kinachoiambia ncha hiyo isimame.

Silikoni ya aina ya p, iliyotiwa boroni, ina elektroni chache. Uga unapoingia ndani yake, kila ncha inapata elektroni zile tu zinazozaliwa humo kwa joto la kawaida. Ukiongeza volti, mkondo unapanda, halafu unafika mahali unatulia kama maji ya bomba jembamba. Ncha kali haiwezi kula fungu la wenzake. Ndiyo maana niliichagua. Wenzetu wa chuo cha MIT kule Marekani, Stephen Guerrera na Akintunde Akinwande, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Nijeria, walitumia fikra iyo hiyo kwa njia nyingine: chini ya kila ncha waliweka nguzo nyembamba ya silikoni, ndefu maikromita 10, ya kuuzuia mkondo usizidi. Mwaka 2016 walitangaza zaidi ya ampea 100 kwa sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo kuubana mkondo kwenye kila ncha si ndoto yangu binafsi.

Matokeo yetu ni haya. Kisahani cha p kilikaa kwenye chemba saa 212 kwa volti 750, katika ombwe la milibari 10⁻⁹, baada ya kuoka chemba siku mbili kwa nyuzi 150. Mkondo ulitulia kwenye nanoampea 200, ukiyumba chini ya asilimia 10. Hakuna cheche hata moja. Tulipokitoa, ncha zote 256 zilikuwa zimesimama.

Nimeambiwa nanoampea 200 haziwashi eksrei. Ni kweli, na sijawahi kusema zinawasha. Lakini gawanyeni kwa 256 mtapata karibu nanoampea 0.8 kwa ncha. Ncha zikipangwa kwa maikromita 10 kutoka moja hadi nyingine, sentimita moja ya mraba inachukua ncha 1,000,000, na hapo tunakaribia miliampea 0.8. Siwezi kuahidi kwamba zote zitafanya kazi. Nasema tu kwamba ncha zinazobaki hai zinaweza kuzidishwa, na zilizolipuka haziwezi.

Lipo pia lile la Julai, lililoandikwa kwenye kundi letu kabla sijaulizwa. Mjumbe mmoja aliona mkondo unaruka kila taa ya maabara inapowashwa, akatangaza kwamba ni umeme unaovuja na vipimo vyote ni vya uongo. Tulifunika dirisha la chemba kwa karatasi ya alumini, mkondo ukatulia. Tukazima kipimo cha ombwe, ambacho waya wake unawaka humo ndani, ukashuka tena kidogo. Silikoni ya p inazaa elektroni ikimulikwa, na elektroni hizo zinatokea kwenye ncha. Umeme unaopita kwenye uchafu wa kitenganishi, yaani kitu kisichopitisha umeme, haujui kama taa imewaka au imezimwa. Vivyo hivyo kwa grafu ya Fowler na Nordheim, ile inayoonyesha mkondo unavyokua volti zikiongezeka, iliyolalamikiwa kwamba imepinda: kwenye volti ndogo imenyooka kama inavyotakiwa, inapinda pale elektroni zinapokwisha. Aina ya p ikitoa mstari ulionyooka mpaka mwisho, hapo ningekuwa wa kwanza kuutilia shaka. Vipimo vyote vipo kwa Katibu, kila mwanachama anaruhusiwa kuvitazama.

Kuhusu utaratibu: nimeshutumiwa kwamba sikuusubiri mkutano mkuu. Tulipewa siku sita kuthibitisha nafasi ya chumba safi. Niliwapigia wanachama tisa, wakapokea wanne. Kamati ilikaa, wajumbe watatu kati ya watano, na katiba yetu inairuhusu kamati kuamua manunuzi ya kazi. Nilifanya hivyo kwa nia njema na ningefanya tena.

Na hapa niseme kwa uchungu. Tuko wanachama 41. Mkutano wa Juni ulihitaji 14 ili uwe halali, tukafika 13, tukasubiri saa moja na nusu, tukatawanyika. Waliolipa ada ya euro 60 ni 17. Baadhi ya wanaohoji zaidi matumizi hawamo katika hao 17, nami nawaomba walipe ili sauti zao ziwe na uzito unaostahili. Mapato ni ada euro 1,020, michango ya hiari 2,150, baki la mwaka jana 640, jumla 3,810. Matumizi ni chumba safi 1,710, visahani na kemikali 620, gesketi za shaba na vipuri vya pampu 890, nauli na mengineyo 354, jumla 3,574. Mfuko una euro 236. Nauli zangu sikudai.

Jingine lisilo na mjadala wakati wangu: hakuna anayeshika asidi ya haidrofloriki akiwa peke yake, wala bila jeli ya kalsiamu mezani. Asidi hiyo inaingia mwilini bila kuuma mwanzoni na inanyang'anya kalsiamu ya damu. Kama sheria hii inatuchelewesha, tuchelewe.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuongeza idadi ya ncha, na fedha zikipatikana tujaribu kuweka lango la chuma, yaani utando wenye matundu ya kuvuta elektroni kwa karibu, juu yake ili volti zipungue. Yapo pia mazungumzo na walimu wa fizikia nyumbani, nayo tunaomba yafike mahali. Kisahani kile cha p nimekuja nacho leo kwenye kikasha. Anayetaka kukiona kwa hadubini anione baada ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti