Mdudu wa povu anasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe makala yenu ya kilimo iliyosema kwamba mizeituni ya Puglia, kusini mwa Italia, iliuawa na mdudu. Ninaishi huku, nimefanya vibarua katika mashamba hayo, na naona mdudu huyo amebebeshwa kosa la watu.

Anaitwa kitaalamu Philaenus spumarius, naye ni wa kundi moja na kunguni na vidukari. Mwezi wa Aprili, ukipita kwenye majani yaliyoota baina ya mizeituni, suruali hulowa povu jeupe lililoganda kwenye mashina kama mate. Ukilipangua kwa kidole, unamkuta ndani yake tunutu, yaani mdudu huyo akiwa mchanga, laini wa kijani, kichwa chini, akifyonza maji yanayopanda kutoka mizizini. Kwa kuwa maji hayo yana lishe hafifu mno, hulazimika kufyonza mengi na kutoa mengi, na hayo anayoyatoa huyatia hewa yakawa povu la kumkinga dhidi ya jua na maadui. Ameishi hivyo tangu zamani, na mizeituni haikufa.

Kilichoiua ni bakteria wa Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa karibu na mji wa Gallipoli mwaka 2013, ambaye watafiti wa vinasaba wanaamini aliingia pamoja na mmea wa kahawa wa mapambo kutoka Amerika ya Kati. Mdudu mzima akishafyonza mti mgonjwa hubaki na bakteria huyo maisha yake yote na kumpeleka kwenye miti mingine, ilhali tunutu humpoteza kila anapojivua ngozi; ndiyo maana wakulima wa huku huamriwa kufyeka au kulima majani mapema, kabla povu halijatoa wadudu wenye mabawa.

Bakteria huyo hushambulia pia mibuni, kama inavyojulikana Brazili. Hata hivyo, ndugu yangu mmoja wa Moshi, ambako buni ndiyo ada ya watoto, aliniomba nimletee mche wa mzeituni sandukuni. Nilikataa, naye mpaka leo amenuna. Ningeshukuru iwapo gazeti lako lingewaeleza wasomaji namna ya kuomba kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, kwa kuwa wengi tunaosafiri hatujui hata pa kuanzia.

Msomaji wenu,
Lecce, Italia