Mabehewa yamejaa, hasara ya nini?

Tabata, Dar es Salaam

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, mama anakusalimu. Mchele umefika, asante dada.

Umeniuliza mbona TAZARA, hii reli ya Tanzania na Zambia, wanalia hasara wakati hapo Mlimba mnagombania kupanda mpaka magunia yanapitishwa dirishani. Mwenzangu, ile reli haikujengwa kwa kutegemea nauli zenu. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, baada ya Ian Smith na walowezi wenzake kujitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1965, na njia ya kusini iliyopitisha shaba huko kuwa ya mashaka. Kilomita 1,860, kwa mkopo wa Wachina usio na riba, ikakabidhiwa 1976.

Shaba yenyewe haikutulia. Zambia ilifungua tena njia ya kusini 1978, ubaguzi ulipokwisha bandari za Afrika Kusini nazo zikachukua fungu lao, na hii lami ya kwenda Tunduma ikajaa malori. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka 2014/15 haikufikisha hata laki moja.

Sasa piga hesabu, wewe ni mfanyabiashara. Daraja na handaki vinataka matengenezo yale yale, ipite treni ya mabehewa thelathini au matatu. Mzigo ukipungua, kila tani iliyobaki inabebeshwa gharama kubwa zaidi. Ama upandishe bei, ama uache kukarabati. Wakaacha. Treni ikaanza kutambaa, mwenye shaba anayewahi meli akahamia kwenye lori, na mwaka unaofuata mzigo ukapungua tena. Mwenye lori akikosa mzigo anapaki tu. Barabara yake tunaitengeneza sote, hata wewe usiye na lami!

Juzi nilikwama Barabara ya Mandela, karibu kabisa na stesheni ya TAZARA. Semi nyuma ya semi, moja imepakia mabamba ya shaba yaliyofungwa minyororo, utingo ananunua maji dirishani. Mzigo wa reli huo, unapita mlangoni kwake.

Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walikutana Beijing, ikasainiwa hati ya kuifufua. Nafurahi, ila nina hofu: mwekezaji akija kutafuta faida, atakimbilia shaba, na treni ya abiria ndiyo itakayopunguzwa kwanza. Mwambieni mbunge wenu aulize kama idadi ya safari za abiria imeandikwa kwenye mkataba.

Ukijua ratiba ya mwezi ujao nitumie, nataka magunia mengine mawili.

Wako,
Rehema