Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Tawi

Wanachama wenzangu, poleni na kazi, na asanteni kuacha Jumamosi yenu mkaja.

Mwaka huu shughuli ilikuwa moja, CBA, yaani mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama chetu na kampuni. Tulikaa na menejimenti mara nne na kila tukigusa mshahara jibu ni lilelile, ngojeni tuulize makao makuu, na makao makuu yako ng'ambo, anayekata shauri hatujawahi kumwona na hajui nauli ya matatu imefika wapi. Sisi tunaunganisha magari, vipande vinatujia kwa kontena, oda ikipungua laini inasimama. Mnakumbuka 2017 General Motors walivyouzia Isuzu hisa zao za Nairobi, asilimia 57.7, mwaka huohuo wakaachia Opel kule Ulaya na wakatoka Afrika Kusini. Hesabu ilipigwa Detroit, Marekani, makao makuu yao.

Nyongeza tumekubaliana, ila msianze kuitumia, CBA haina nguvu mpaka isajiliwe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kinachoniuma ni vijana wa kontrakti. Kijana anafunga bolti uleule ninaofunga mimi, laini moja, shifti moja, yeye hana bima ya hospitali, miezi mitatu ikiisha anasainishwa upya kama mtu aliyeingia leo getini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda kibarua anayekaa muda mrefu, nadhani ndio maana siku hizi neno kibarua halitajwi, ni kontrakti tu. Na sisi wa permanent tumenyamaza, nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Wenzetu wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari Marekani, waligoma Septemba 2023, kampuni za Ford, GM na Stellantis kwa mpigo, wakapata nyongeza ya asilimia 25 mpaka 2028, lakini mimi nilichopenda ni kwamba wakongwe waliwapigania wapya, kufika mshahara wa juu ilikuwa miaka minane sasa ni mitatu.

Tena sheria inataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga ndio kitambuliwe, sasa kila mzee akistaafu anaingia wa kontrakti ambaye hatujamwandikisha, tutafika nusu kweli?

Fomu za kujiunga na chama ziko kwa mashopu stiwadi, wawakilishi wetu wa chama kazini. Kila mmoja achukue mbili leo, Jumatatu azirudishe zimejazwa na vijana wa laini yake. Mweka hazina atawasomea hesabu.